Nyuso Zote Ziliandikwa Figo

Siku ya kwanza nilipopangiwa chumba cha sindano za Kichina, katika hospitali ya serikali hapa Dodoma, nilidhani nimeadhibiwa. Nilikuwa nesi wa wodi, nimezoea sindano yenye dawa ndani. Hizi zilikuwa nyembamba kama unywele, kavu, na Daktari Kiongozi, Mchina wa makamo, alizichomeka mguuni kutibu kichwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha awamu tano. Alichora duara ubaoni. Mti hulisha moto, moto huacha majivu yakawa udongo, udongo hutoa chuma, chuma baridi hutoka jasho la maji, maji hukuza mti. Kila awamu ina kiungo chake: ini, moyo, wengu, mapafu, figo. Tena zinazuiana, kama tuta la jaruba la mpunga linavyozuia maji. Na kila moja ina rangi inayojitokeza kwa mgonjwa. Ya figo ni nyeusi.

Hapo kwenye rangi aliweka chaki chini. "Mwezi wa kwanza hapa, mimi naandika figo kwa watu wote," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Uso mweusi, figo. Ujinga wangu. Wewe tazama ulimi, kiganja, ndani ya ukope."

Mgonjwa mwenye ukope mweupe hakumchoma hata sindano moja. Alisema sindano haiongezi damu, akampeleka wodini.

Kisha yakaja mageuzi. Serikali ikapunguza wafanyakazi, nami nikapunguzwa. Kliniki za watu binafsi zikafunguliwa kila mtaa, na Mkurugenzi wa mojawapo akaniajiri. Alikuwa muuza vipuri vya magari. Alihudhuria semina ya wiki moja Dar es Salaam, akarudi na koti jeupe na chati ya rangi. Akakaa mezani akiwatazama wakulima wa Haneti na makarani wa ofisini, akiandika figo, figo, figo. Nilimweleza kosa lake mbele ya wenzangu.

"Dada, chati hii imechapishwa China kwenyewe," alisema. "Wewe umechapishwa wapi?"

Wenzangu walicheka. Nami nikarudi kufunga pakiti za dawa yake ya figo, na hilo ndilo linalonikera kuliko kicheko chao.

Mama Mwaja, mkulima wa mpunga kutoka Bahi, alinifuata pale kwa sababu alinijua tangu hospitalini. Alihema kwa kupanda ngazi tatu tu. Nilimfunua ukope: mweupe. Viganja vyeupe. Nilimwambia Mkurugenzi huyu ni wa kuongezewa damu, leo hii. Hakuinua hata kichwa, aliandika figo. Mama Mwaja akanitazama mimi, siyo yeye, akauliza kama dawa ile itamfaa.

"Itakufaa, mama," nikasema. Niliogopa kurudi nyumbani bila kazi. Nikamfungia pakiti kwa mikono yangu.

Baada ya majuma machache alikuja mumewe, mzee mpole, amebeba mfuko wa plastiki. Alisema mkewe wamemzika. Pakiti nne zilikuwa hazijafunguliwa.

"Nesi, hizi zilizobaki nimpe nani?"

Nilizipokea. Nilivua koti langu nikaliweka juu ya ile chati, nikaondoka, wala sikurudi. Lakini nilikuwa nimechelewa, na hasira niliyo nayo kwa yule muuza vipuri haijawahi kufikia ile niliyo nayo kwangu mwenyewe.

Sasa nimezeeka, na vijana wanaosomea tiba hii huja kuniuliza juu ya awamu tano. Duara siwachorei. Wakishaniamkia nawaambia wanipime. Juzi alikuja mmoja, ana cheti chenye mhuri, akaketi mbele yangu akanikazia macho usoni.

"Bibi, naona figo," akasema.

Nilimfungulia mlango atoke.