Hatua Kumi na Moja Kutoka Kisimani

Mwezi wa pili huu niko edani, sitoki wala sina pa kwenda, kwa hiyo anayekuja kunijulia hali namkalisha mkekani namsimulia habari za mume wangu, apende asipende. Maana niliwasikia matangani. Walimsifu, wakasema Abasi alikuwa mpole, mtu wa heshima zake, hajapata kumtahayarisha mtu hapa Gongoni tangu azaliwe. Ni kweli kabisa. Na upole huo ndio uliotuulia mtoto.

Abasi alikuwa fundi mwashi. Babu yake alifika Tabora na misafara kutoka Manyema, kijana mwenye mzigo begani. Akaugua, wenzake wakaendelea na safari ya pwani, yeye akabaki hapa. Baba yake alijenga kwa udongo, Abasi akajenga kwa chokaa, kisha kwa saruji. Alinioa mwaka wa Uhuru, akanitoa Goweko kwa wazazi wangu walima tumbaku, akanileta mjini na huu mdomo wangu. Wanawake wa mtaani walinicheka nilipowaamkia kwa mwangaluka, salamu ya kwetu, nikawajibu, tukazoeana. Abasi hakuwa mtu wa kujibu. Ukuta wake ukipinda hata unene wa kidole aliubomoa kwa hasara yake, wala hasemi. Mwenye nyumba akikosea, hasemi. Mimi nikikosea, hasemi. Ndani ya nyumba ile nilikuwa nasema peke yangu, mpaka alipozaliwa Zamda akaja kunisaidia.

Huyo Zamda wangu alikuwa na maneno, jamani. Hakuna ugomvi uliozuka mtaani asiujue ulivyoanza. Alikuwa akishinda kwa Bibi Khole, ng'ambo ya barabara, akimkanda miguu na kumpelekea habari zote za Gongoni, na Bibi akimlipa kwa halua. Bibi mwenyewe alimwita mke mwenzangu.

Nyumba ya Bibi Khole ni ile ya kuta nene, ya Waarabu wa zamani. Mumewe, Mzee Hilali, alizikwa mle mle uani, upande wa mashariki, pamoja na watoto wao wawili waliokufa wachanga. Ndivyo walivyokuwa wakizikana wakubwa wao. Upande wa magharibi kuna kisima. Alikichimba babake Hilali enzi za misafara, akakiweka wakfu, yeyote mwenye kiu achote, lango lisifungwe mchana. Bomba la mtaa lilikuwa likitoa maji siku linapojisikia, kwa hiyo sisi sote tulikunywa kwa Bibi Khole.

Basi mwaka wa sabini na mbili Bibi akaanguka bafuni. Bafu lenyewe lilikuwa uani, jiwe limelainika kwa miaka na mlango wake gunia. Nyonga ikavunjika, na haikuunga sawasawa. Tangu siku hiyo akawa anaogeshwa kitandani kwa karai na kitambaa. Mwanamke yule alikuwa mtu wa twahara, hajapata kuikosa swala hata moja, na sasa kila akiswali ana shaka kama mwili wake ni safi. Nilimkuta analia siku moja. Aliniambia haogopi kufa, anaogopa kufa akiwa mchafu.

Akamwambia mwanawe Soud anataka bafu ndani, limeshikana na chumba chake, na choo humo humo. Duka la Soud lilikuwa limekwishafungwa, bidhaa zimehamia duka la ushirika, naye akifanya kazi ya ukarani. Hela hana. Bibi akavua bangili zake zote za dhahabu, mikono ikabaki mitupu, akampa akauze. Saruji ilikuwa kwa kibali, na Soud alikwenda na kurudi karibu mwezi mzima kabla hajapata mifuko kumi na miwili. Hiyo ndiyo gharama ya bafu lile wanayoisimulia watu mpaka leo, bangili na mifuko kumi na miwili. Mimi husikiliza tu.

Aliyeitwa kujenga, bila shaka, ni Abasi. Kazi ya ndani ilikwenda vizuri. Ikaja kazi ya shimo la kupokea maji machafu, na uani mna pande mbili tu zenye nafasi, upande wa makaburi na upande wa kisima. Mwaka wa sabini na tatu huo, ndio ulikuwa wa kampeni ya Mtu ni Afya redioni, na kila mtaa una kikundi cha kusikiliza. Abasi ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake kitabu, kwa kuwa alisoma vizuri. Mle mliandikwa choo kikae mbali na kisima, na mwalimu wa kikundi akawapigia mfano wa hatua thelathini. Mimi nilikwenda mara mbili, nikaona maneno mengi, nikarudi kwenye mandazi yangu.

Soud ndiye aliyenihadithia baadaye walivyozungumza. Abasi alisimama mlangoni pa chumba cha Bibi, kofia mkononi, akasema upande wa kisima si mzuri, ingefaa shimo liende mashariki. Bibi Khole akamtazama.

"Abasi mwanangu," akamwambia, "kule amelala mume wangu. Unataka nimmwagie najisi?"

Basi, ikawa imekwisha. Fundi mwingine angebisha, angemwita shehe, angesema chukueni mtu mwingine. Abasi aliitikia ndiyo Bibi, akaenda kuchimba upande wa kisima. Aliusogeza mchanga wake wa kujengea apate nafasi, akapima kwa miguu, akapata hatua kumi na moja. Alilizungushia shimo lile mawe na saruji kwa uangalifu kuliko alivyojenga sebule za matajiri. Lakini shimo la namna hiyo haliwezi kuzibwa chini, lazima maji yaende mahali, na yeye aliyajua hayo.

Bafu likafunguliwa. Bibi Khole aliingia akishikiliwa na Soud mpaka mlangoni, akaoga mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne, akatoka akinukia udi, akamwombea Abasi dua ndefu hata chai ikapoa. Mume wangu alirudi nyumbani hakula. Nikadhani amechoka.

Kesho yake akaniambia niwe nachota maji kisima cha msikitini. Nikamwuliza kwa nini, kule ni mbali. Akasema maji ya kule ni mazuri zaidi. Nilikwenda siku tatu. Nilikuwa na mimba, miguu imevimba, ndoo kichwani, na kisima kingine nakipita ng'ambo ya barabara tu. Siku ya nne nikaingia kwa Bibi Khole kama kawaida yangu. Natoka na ndoo, nikakutana na Abasi langoni. Aliitazama ile ndoo, akanipisha.

"Uyachemshe basi, Mama Zamda," akaniambia.

Mkaa ulikuwa wa shida. Nilichemsha nilipokumbuka, na Zamda yeye alikunywa pale pale kisimani kwa kiganja, kama watoto wote.

Mwaka mmoja ukapita salama, nadhani Abasi mwenyewe akaanza kujiamini. Wa pili mvua zikanyesha zisivyo kawaida, maji ya kisima yakapanda mpaka ukiinama unayagusa kwa kata. Ndipo homa ya matumbo ilipoingia mtaani. Waliugua watoto saba. Sita walipona. Zamda aliugua siku kumi na tisa, na siku za mwisho hospitali hakuwa na neno hata moja, yeye yule, ananitazama tu. Alikufa Alhamisi asubuhi, ana miaka saba. Abasi alimbeba mwenyewe mpaka kaburini, na mimi nikamwonea huruma. Nilimhurumia, mnasikia? Nilimpikia uji nikamshikia bakuli.

Wiki ya pili akaja bwana afya. Aliingia kwa Bibi Khole, akaangalia kisima, akaangalia shimo, akapima kwa miguu kama alivyopima Abasi. Wanawake tulisimama langoni na wanaume uani. Akauliza nani alijenga. Soud akainamisha macho, maana alijua ni mama yake aliyeamua. Abasi akasema ni yeye.

"Ulijua ni karibu mno?" bwana afya akauliza.

"Nilijua."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na mimi nimesimama na watu. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja.

Nyumbani nilimwuliza swali moja, kwa nini hukuniambia. Akasema, "Ningekuambia ungewaambia watu, na Bibi angetahayari." Na kweli ningewaambia. Kabla ya adhuhuri Gongoni nzima ingejua, Bibi Khole angeona haya, wengine wangemcheka, na mtoto wangu angekuwa hai. Nilimchukia, sifichi. Nilibeba watoto wawili waliobaki na ile mimba yangu ya pili tangu bafu lijengwe, nikaenda kwa wazazi Goweko. Nikakuta nao wanafungasha, wametakiwa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, paa limeshashushwa, baba amekaa juu ya magunia yake hajui pa kuniweka. Nililala chini ya turubai wiki mbili, kisha nikarudi kwa Abasi kwa kukosa pengine.

Kisima kilikuwa kimefungwa kwa mbao. Bibi Khole alikuwa ndani na bafu lake, na hakuna aliyemwambia. Alijua Zamda amekufa kwa homa, basi. Soud kanyamaza, Abasi kanyamaza, mtaa wote ukimwogopea mama wa watu na moyo wake. Mimi sikuweza. Siku ya tatu nilivuka barabara, nikamwamkia, akaniitikia marahaba, nikakaa kitandani miguuni pake pale alipokuwa akikaa Zamda. Nikamwambia yote, shimo, maji, mtoto. Sikupaza sauti.

Bibi alivuta shungi lake akajifunika uso. Nilikaa mpaka nikafikiri amelala.

"Mwite mumeo," akasema ndani ya shungi. "Mwambie alihamishie kwa Hilali. Nitamwomba radhi mwenyewe nikifika."

Abasi alianza Jumamosi. Soud alileta shehe akasoma, kisha akaondoka, hakutaka kuona. Walijua watakuta nini. Pale pembeni, tangu zamani, hakuna aliyekanyaga, hata kuku walifukuzwa, na kila mtu wa nyumba ile alisema makaburi yamejaa mpaka ukutani. Abasi alichimba taratibu, akipapasa kwa mkono kila baada ya koleo mbili tatu, akingoja kugusa mtu. Mimi nilisimama juu nikivuta udongo kwa ndoo, kwa sababu hakuajiri kibarua na hakuna aliyejitolea.

Akafika kiunoni, hakuna kitu. Akafika kichwani, udongo mgumu tu ambao haujapata kuchimbwa na mtu tangu Mungu auweke. Akafika kina cha watu wawili. Ilipofika alasiri akapanda ngazi, akaenda kwenye jiwe la kaburi la Mzee Hilali, akapima kwa miguu mpaka ukingo wa shimo. Hatua nane. Akarudia, nane. Mashimo matatu kama lile yangeenea pale na mzee wa watu asingesikia hata harufu. Hakuna aliyekuwa amepima. Waliiheshimu pembe nzima.

Alishuka tena shimoni, nikadhani amesahau koleo. Akakaa chini, mgongo ukutani.

"Sikuzani," akaniita. Hakuwa amenitaja kwa jina langu tangu nilipozaa. "Nafasi ilikuwepo."

Nilikuwa na maneno niliyoyaweka tangu siku ya bwana afya, nimeyapanga vizuri, nayasubirisha tu. Nilimtazama kule chini, kichwa kimejaa vumbi, mikono imelala kama si yake, na maneno hayakuja. Nililia nimesimama na kamba ya ndoo mkononi. Yeye naye alilia, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia.

Baadaye akafuta uso kwa shati lake la kazi, akaniomba jambo moja. "Usimwambie Bibi."

Mnanijua nilivyo. Niliingia ndani nikiwa na udongo mpaka kwenye nywele, na kweli sikuwa nimekata shauri. Bibi Khole alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi, mikono yake mitupu ile. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Akaniuliza kama wamemgusa mume wake.

"Hatukumgusa, Bibi," nikamwambia. "Lakini ilibaki shibiri moja tu."

"Unaona," akasema, akavuta pumzi. "Nilijua hapakuwa na nafasi."

Nikamwitikia ndiyo Bibi, nikaenda kumletea maji ya kuoga.