Tohara ya Siku ya Nane

Wahome alitahiriwa akiwa na siku nane. Baba yake, Gerishon, alimpakata jikoni kwao Timboroa, na nesi mstaafu aitwaye Stephen akafanya kazi yake. Gerishon alikuwa mkulima wa viazi. Alikuwa ameacha kanisa baada ya kusoma Torati miaka mingi, na pamoja na watu wa nyumba mbili jirani akaanza kufuata dini ya Kiyahudi: Mungu ni mmoja na hana mwana, Masihi bado hajaja, Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, nyama ya nguruwe haigusi sufuria. Tohara ya siku ya nane ndiyo alama ya agano la Mungu na Ibrahimu.

Wenzake Wahome walitahiriwa Desemba moja, wote pamoja, walipomaliza shule ya msingi. Walitengwa hadi wakapona, wakarudi na nguo mpya na maringo mapya. Yeye hakuitwa. Wakaanza kumwita kihii, jina la mvulana ambaye hajapita kwenye kisu. Alipowaambia alikatwa zamani, walimjibu kwamba hata mbuzi mchanga hulia akikatwa masikio, mwanamume hukatwa akijua na halii. Hakuna aliyekaa naye tena.

Alikuja Eldoret, akajifunza kuchomelea vyuma, akafungua kibanda mtaa wa Pioneer. Jumamosi alikifunga kwa ajili ya Sabato, kwa hivyo wateja wengi walihamia kwa jirani. Hapo ndipo alipompenda Kabura, aliyeuza mahindi na maharagwe ng'ambo ya barabara. Siku ikafika, yeye na baba yake wakaenda kujitambulisha kwa kina Kabura kwa ajili ya posa.

Mjomba wa Kabura, Mzee Wilson, ndiye aliyeuliza. "Kijana, wewe ulitahiriwa pamoja na kina nani?"

Wahome akaeleza. Mtu mmoja akaangua kicheko. Wageni wengine walikuwa na chai mikononi tayari. Wilson akaagiza ya Wahome iletwe kwa kikombe cha plastiki chenye mikono miwili, cha mtoto. Kabura ndiye aliyekileta. Alikuwa akijizuia kucheka, akashindwa.

Gerishon alisimama. Akawaambia jinsi Warumi walivyochoma Hekalu la Yerusalemu, Wayahudi wakatawanyika, wakafukuzwa nchi hadi nchi, mpaka Hitler akawaua mamilioni, wazee kwa watoto, na waliobaki hawakuliacha agano. "Hata hii Uasin Gishu," akasema, "Waingereza waliwahi kutaka kuwapea Wayahudi iwe nchi yao."

"Na wakakuja kuiangalia, wakaikataa," Wilson akadakia. "Kama hawakutaka shamba zuri namna hii, watakutaka wewe?"

Wakarudi bila mke.

Miezi michache baadaye rabi mmoja kutoka ng'ambo alizuru Timboroa. Gerishon akamsukuma mwanawe mbele na kusimulia tohara ile kwa fahari. Rabi alisikiliza, akajibu kwa upole. Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeingia dini mbele ya mahakama ya marabi. Ile tohara ya nesi ilikuwa ya kitabibu tu, si ya agano. Wahome akitaka kuingia, aanze upya, atolewe tone la damu pale alipotahiriwa.

"Kwa hivyo sasa hivi mimi ni nani?" Wahome aliuliza.

"Wewe ni mtu mzuri," rabi akasema, akamgusa bega.

Jumamosi iliyofuata Wahome alifungua kibanda. Habari zikafika Timboroa, na Jumapili asubuhi Gerishon akaingia, viatu bado vina udongo wa shamba.

"Jana ulifanya kazi?"

"Nilifanya, baba."

"Ulisahau ni siku gani?"

"Sikusahau."

Gerishon akashika kola ya shati lake mwenyewe kwa mikono miwili, akairarua, vile Myahudi hufanya akifiwa na mtoto. Akavuka barabara, kitambaa kikining'inia kifuani, boda boda zikimpigia honi.

Wahome alimwangalia mpaka akapotea. Kisha akavaa miwani myeusi ya kuchomelea, akawasha mashine. Mteja aliyeagiza geti alikuwa amesema atalichukua saa sita.