Risasi Isiyo ya Kila Mtu

Mnisamehe kwa mwandiko huu na makosa yake. Niliishia shule ya msingi na ninaandika polepole. Lakini kwa risasi niliyochagua, siombi msamaha.

Tonton wangu, yaani mjomba, mwindaji mwenye kibali, alikuwa anatengenezewa bunduki inayojipakia risasi yenyewe na fundi mmoja wa Anderlecht, huku huku Ulaya tunakoishi. Mimi naona haya hata kusalimia watu, ila nimetazama video nyingi za bunduki, basi akaniachia nichague aina ya risasi ambayo bunduki ingetumia. Nikachagua ile ambayo hakuna kiwanda kinachoitoa. Fundi huitengeneza kwa mkono.

Fundi akanionya: "Hakuna mwindaji mwingine atakayekuwa nayo."

"Ndiyo maana tunaitaka," nikajibu. Kwetu Matonge, mtaa wa wapenda mavazi, nani hujivunia suti ya kila mtu?

Bunduki ilipokamilika, Jumamosi tukaenda msituni kuwinda nguruwe mwitu. Ilikuwa mara ya kwanza Tonton kualikwa na wawindaji wa huko, na maman alikwisha kuwaahidi watu wa kanisani nyama. Nikafungua mkoba. Risasi zilibaki nyumbani, juu ya friji.

Wazungu wale walikuwa wema. Kila mmoja alifungua sanduku lake la risasi, akaona hakuna inayoingia kwenye bunduki yetu, akatikisa kichwa. Mkubwa wao akauliza nani alichagua risasi ya namna hii.

Tonton akanisukuma mbele. "Ni huyu ingénieur wetu, mhandisi wa video! Alors, mutoto, leo tutaua nguruwe na mdomo?"

Walicheka mpaka mbwa wakabweka.

Bado nasema kosa ni la friji, si la risasi. Wewe ungechagua ipi? Niandikie, hata kama ni kunitukana.