Cheti Ndani ya Boriti

Yotham wa Haneti alikuwa na kinyongo na magazeti. Alijifunza kusoma misheni, kule Buigiri, na kila gazeti la Kiswahili lililofika kutoka pwani liliandika Ugogo kwa maneno yale yale: njaa, kiu, vumbi. Utadhani huku hajawahi kuzaliwa mtu akashiba. Basi mwaka wa 1913, mvua ilipokuwa njema, akaamua kuwatoa watu tongotongo. Akaliandikia gazeti moja barua kwamba nyuma ya kilima cha kwao kuna bonde ambalo ukifukua mchanga, hata mwezi wa kumi, unapata maji, na kwamba ng'ombe wa baba yake wamejaa humo, wanono.

Barua ikachapishwa, jina lake chini. Watu wa Tanga na Bagamoyo wakaandika kuuliza habari za nchi hiyo. Yotham akatembea kifua mbele mwezi mzima.

Baba yake, mzee Matonya, hakujua kusoma. Alijua tu kwamba zama hizi za Mdachi mwenye cheti hasumbuliwi. Akalifunga gazeti katika kipande cha ngozi, akalichomeka kati ya boriti za tembe.

Kisha vita vikaja, na askari wakaanza kukusanya ng'ombe wa kulisha jeshi. Majirani waliachiwa mazizi matupu. Matonya akaihamishia mifugo yake yote bondeni, akabakiza mbuzi wawili na ndama mgonjwa. Yotham alilikumbuka gazeti. Mara mbili alilichomoa alichome moto. Mara mbili alilirudisha, maana ndilo pekee duniani lililomtaja, na mimi simcheki kwa hilo.

Askari wanne walifika asubuhi pamoja na karani wa Dodoma aitwaye Abbasi. Matonya alieleza kwamba ukame umemaliza ng'ombe. Abbasi akatazama wale mbuzi, akaona kweli hapana kitu, akageuka kuondoka. Kabla ya kutoka uani akamwonyesha Yotham kwa kidole: huyu ana mabega, atabeba mizigo ya jeshi. Wapagazi waliotangulia hakuna aliyekuwa amerudi.

Askari walikwisha kumshika Yotham mkono, ndipo mzee akakimbilia ndani. Yotham alielewa anafuata nini, akamwita, lakini Matonya hakugeuka. Alitoka akiifungua ile ngozi kwa mikono miwili.

"Huyu ana cheti," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Serikali inamjua."

Abbasi alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika chini akarudi juu, akasoma tena. Akawaamuru askari wamwachie Yotham, na Matonya akashusha pumzi. Alimpenda mwanawe kuliko ng'ombe wote, na sasa alijiona amepata vyote viwili.

"Bonde hili," Abbasi akamuuliza Yotham, "ni mwendo wa saa ngapi?"

Mzee, ambaye Kiswahili hicho cha haraka kilimpita, alimtazama karani, akamtazama mwanawe, akacheka kwa furaha.

"Mjibu, mwanangu," akasema. "Usiogope. Amekwisha kukutambua."