Azimio la Rota

Mke wangu alikwenda kujifungua kwao Munisagara, na baada ya kujifungua hakurudi. Kosa langu lilikuwa moja: nilikuwa dereva wa pikapu ya kijiji, na kijiji kikiita niliitika kabla ya kumwitikia yeye. Akatuma salamu kwamba Jumamosi atashuka Kilosa kwa treni ya asubuhi. Asiponikuta stesheni, anarudi kwao kwa treni ya jioni, na nisimfuate.

Ijumaa nikang'oa distributa niisafishe, gari lisije likaniaibisha njiani. Sikuweka alama. Wakati wa kuirudisha sikukumbuka rota, kile kidude cha katikati kinachogawa moto kwenye plagi, ilikuwa inatazama wapi. Nikatoa plagi ya kwanza, nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikazungusha injini kwa hendeli mpaka upepo ukanisukuma kidole. Jibu likapatikana: rota itazame ghalani.

Lakini mali ya kijiji haifungwi bila kikao. Asubuhi wajumbe wakaja. Mwenyekiti akasema anakumbuka vizuri, ilitazama kanisani, upande wa pili kabisa wa ghala. Mzee mmoja akauliza huko ghalani kuna ibada gani. Kura zikapigwa. Wengi wape, kanisa likashinda, na mkono wangu ulikuwa juu pamoja na ya wenzangu.

Nikawasha. Gari likakohoa, likapiga mshindo kwenye kabureta, kuku wakatawanyika.

"Jaribu tena," akasema mwenyekiti.

Nilijaribu mpaka saa nane mchana. Hapo nikaogopa kweli, maana treni ya jioni haina mkutano. Kupinga azimio sikuthubutu.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "naomba nguvu kazi tuligeuze gari."

Wakasukuma mpaka pua ikawa ulikokuwa mkia. Nikaichomoa distributa, nikaielekeza rota kanisani kama ilivyoamuliwa. Gari likawaka mara moja. Wajumbe wakapongezana.

Nilifika Kilosa kengele ya treni imeshagongwa. Mke wangu alikuwa amesimama, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Nikamsimulia yote mbio mbio.

"Kwa hiyo ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

"Na mkono ukaunyoosha."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mwenyekiti yeyote.

Treni ikaingia, ikasimama, ikaondoka. Akatua mzigo, akamfungua mtoto, akanipa.

"Mshike," akasema. "Kwa mikono yote miwili."