Anezina hamwachi mgeni benchini

Saa saba na dakika arobaini mchana. Jua limesimama wima juu ya bandari ya Lithari na madirisha yote ya mbao yamefungwa. Kisiwa kiko kwenye usingizi wake wa mchana, na anayeonekana njiani saa hizi bila sababu huulizwa kulikoni.

Anezina Roussou, 59, ana sababu. Amesimama mwanzo wa gati na kibao cha kadibodi kilichoandikwa “Vyumba”, lakini macho yake hayako kwenye meli inayoingia. Yako kwenye benchi.

Ni benchi la mbao la kawaida, rangi yake ya buluu imebabuka, jirani na mkahawa wa Pantelis. Halina mtu. Anezina analitazama kwa muda, anashusha pumzi, kisha anaigeukia meli.

“Nahakikisha kwanza,” anasema. “Nikishaona ni tupu, ndipo naanza kazi.”

Vyumba vyake ni vinne tu, juu ya ngazi tisini na mbili. Wateja wake ni wanafunzi, wastaafu, na wafanyakazi waliobahatisha siku tatu za likizo na tiketi ya sitahani, ile ya kulala umeegemea begi lako. Yuro thelathini kwa usiku, shuka safi, choo cha pamoja. Msimu ni miezi minne. Miezi mingine anavuna zeituni za watu na kufua mashuka ya hoteli ya upande wa pili wa kisiwa.

“Mwenye pesa haji kwangu,” anasema. “Kwangu huja mwenye magoti mazima.”

Kazi hii aliirithi kwa mama yake, Bibi Zambeta, aliyepokea wageni gatini hapa kwa miaka arobaini na mmoja. Bibi Zambeta alikuwa na utaratibu wake na hakuubadilisha kwa yeyote. Akimpata mgeni, alimkalisha kwenye benchi la buluu na kumwambia, “Kaa hapo, nakwenda kukutandikia, nakuja kukuchukua.” Kisha alipanda ngazi peke yake, akatandika shuka, akaweka glasi ya maji na kijiko cha maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa sukari, akashuka tena kumchukua mgeni na begi lake.

Kwani asingempeleka mgeni moja kwa moja? Hapana. Huku kitanda kisichotandikwa ni kitanda cha maiti aliyetolewa. Mgeni hakioni.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Septemba, meli ya mchana ilishusha mgeni mmoja, mwanamke. Bibi Zambeta alimkalisha, akamwambia maneno yake yaleyale, akapanda.

“Tulimkuta ameinama juu ya kitanda cha chumba namba tatu,” anasema Anezina. “Mikono imeshika pindo. Shuka limefika nusu.”

Kijiji kizima kilipanda kwenye msiba. Pantelis alifunga mkahawa, lakini kabla ya kuondoka alimpa yule mwanamke mkate na maji, akidhani anasubiri meli. Kila aliyepita alidhani hivyohivyo. Mgeni alikaa mchana ule, jioni ile, akalala palepale, na asubuhi akapanda meli ya kwanza akaenda zake.

“Mgeni kulala nje, Lithari,” anasema Anezina, na uso wake unamwiva hata leo. “Tena mgeni wa mama.”

Msimu uliofuata, Anezina alichukua kibao na kuanza kushuka gatini. Siku moja alichelewa. Alipofika ngazi ya thelathini alikutana na vijana wawili wa Kidenmaki wakipanda wenyewe.

“Nani kawaelekeza?” aliwauliza.

“Bibi mmoja. Alituambia tukae benchini, anakwenda kututandikia. Tumengoja mpaka tumechoka, ndiyo tukafuata njia aliyopita.”

Anezina hakuogopa. Alikasirika. Mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwa Bi Argyro, mwenye vyumba kumi na vitano karibu na kanisa, mwanamke asiyeshindwa na jambo panapo mgeni wa kunyang’anya. Alimfuata mpaka mlangoni.

“Wee Argyro, huna haya? Unavaa nguo nyeusi unamwigiza marehemu mama yangu ili uniibie wateja?”

“Mama wee, mimi? Kwa mguu huu?” Bi Argyro alimwonyesha kifundo kilichovimba. “Na kama ningewaiba, mbona wamefika kwako? Mwizi gani anakuletea mali nyumbani?”

Anezina alirudi kwake na hakumsimulia mtu.

Lakini lisemwalo lipo. Wageni waliendelea kuja na maneno yale, mara mbili kwa mwezi, mara tatu, na daima kwa meli ya mchana. Bibi mfupi, nguo nyeusi, aproni iliyobanwa kwa pini kubwa begani. Anakukalisha, anakwenda, harudi. Mzee mmoja wa Kiitalia aliongeza kitu ambacho Anezina hajakisahau.

“Alinitazama usoni kwanza,” alisema. “Kwa karibu sana. Halafu akasikitika, kama mtu aliyemfananisha mtu.”

Wazee wa hapa hawakushangaa. Kwao saa ya kutisha si usiku, ni mchana huu mweupe, wakati watu hawana vivuli. Ndiyo maana watoto hufungiwa ndani.

Kisha likaja suala la kaburi. Lithari ni mwamba, udongo wa kuzikia ni haba, kwa hiyo hata marehemu hapa ni mgeni wa muda. Baada ya miaka mitatu kaburi hufukuliwa, mifupa huoshwa kwa divai nyekundu, hutiwa kwenye sanduku la bati lenye jina, na nafasi humpisha mwingine. Zamu ya Bibi Zambeta ilifika Septemba mwaka jana.

Mchimbaji, Stathis, alishuka na sepetu. Anezina alikuwa amesimama ukingoni na chupa ya divai na taulo jipya. Alisikia sepetu ikiacha kugonga.

“Dada Anezina,” Stathis alisema kutoka chini, “rudi nyuma kidogo.”

Hakurudi. Aliona. Udongo ulikuwa haujamchukua mama yake, na mikono, ambayo waliikunja vizuri kifuani siku ya mazishi, ilikuwa imenyooka mbele na vidole vimebana, kama vimeshika pindo la kitu.

Padri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Apewe mwaka mwingine,” alisema. “Fukia, Stathis.”

Majirani walisema waziwazi kinachosemwa siku zote, kwamba ardhi haimpokei aliyeondoka na neno lake halijatimia. Anezina alijua ni neno gani. Tatizo ni kwamba yule mgeni hakuwahi kufika chumbani, hivyo jina lake halikuwa kwenye daftari la wageni.

Desemba hiyo alimwendea Pantelis. Alitaka tu kujua mwanamke yule alifananaje.

“Wa benchini?” Pantelis aliendelea kufuta vikombe. “Si huyo hapo nyuma yako, aliyeandika kadi.”

Kadi ya posta ilikuwa ukutani, kati ya kalenda na picha ya timu ya mpira, imebanwa kwa pini yenye kutu. Nyuma yake palikuwa na mistari michache: asante kwa mkate, naomba kujua, yule bibi aliyeniambia nimsubiri, ni mzima? Chini, jina na anwani. Jitka, wa mji wa Brno.

“Imekaa hapa tangu lini?”

“Ilifika Krismasi ya mwaka uleule wa msiba. Miaka mitatu sasa.”

“Miaka mitatu, Pantelis. Unapikia kahawa chini yake.”

“Nilidhani katuma ya kupamba ukuta,” alijibu Pantelis, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, anasema Anezina, mzee yule alionekana ana aibu.

Rinio, binti ya Anezina anayefanya kazi mjini Pirea, ndiye aliyeandika barua. Ilikuwa fupi: bibi alifariki akikutandikia kitanda, chumba kinakusubiri, hulipi kitu. Jitka, ambaye ni muuguzi, alijibu kwamba atapata siku tatu mwezi wa Juni.

Siku ya kumpokea, Anezina alijiandaa kupita kiasi. Alipiga deki chumba namba tatu, akafunua godoro lipigwe na upepo, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni mwa aproni. Shuka angetandika mgeni akiwa bado anakunywa kahawa kwa Pantelis. Meli haijawahi kuwahi Lithari. Siku hiyo iliwahi kwa dakika ishirini.

Anezina alisikia honi akiwa bado anafunga viatu. Akashuka mbio. Kwenye kona ya ngazi ya hamsini akasikia nyayo zikipanda, za watu wawili, mmoja akiburuta mguu kidogo. Mama yake alikuwa na goti bovu.

Alipokata kona, alimkuta Jitka peke yake. Mwanamke wa makamo, mwenye jasho, mikono mitupu.

“Karibu, mwanangu,” alisema Anezina. “Begi lako liko wapi?”

“Mama yenu ametangulia nalo,” alijibu Jitka. “Nilimkatalia, hakunisikia. Barua yenu ilisema amefariki, nikadhani nimeisoma vibaya.”

Walipanda. Mlango wa namba tatu ulikuwa umefungwa kama ulivyoachwa. Anezina alitoa ufunguo mfukoni, akafungua.

Begi lilikuwa kwenye kiti. Mezani palikuwa na glasi ya maji iliyojaa mpaka ukingoni na kijiko cha chungwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa shuka lenye pindo la uzi wa njano. Anezina alilijua. Ni lile la siku ya msiba, ambalo halitumiwi tena na hakuna anayethubutu kulichoma, alilolifungia sandukuni miaka minne. Safari hii halikuishia nusu. Lilikuwa limefika miguuni na kukunjwa kwa pembe mbili, kama Bibi Zambeta alivyokunja maisha yake yote.

“Nikakaa chini,” anasema Anezina. “Nikalia, halafu nikacheka. Nilimwambia, mama, na goti hilo bado unabeba mizigo ya watu?”

Jitka alikula chungwa, akanywa maji yote, akalala mpaka magharibi. Alikaa usiku mbili. Tangu aondoke, hakuna mgeni hata mmoja aliyemtaja bibi wa benchini.

Ungedhani Anezina angefurahi. “Nilitaka apumzike, na nilimwombea apumzike,” anasema. “Lakini nikishuka pale sasa, niko peke yangu. Nilikuwa sijui kwamba nilimzoea.”

Jumamosi hii kaburi linafunguliwa tena. Sanduku la bati liko tayari, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Divai imenunuliwa. Anataka kuikuta mifupa mikavu, ya rangi ya asali, ambayo huku ndiyo dalili njema, na ataiosha kwa mikono yake. Shuka lenye pindo la njano litaingia nayo.

Meli imefunga gati. Wasichana wawili wanafunzi wanashuka, mabega yamebabuka kwa jua, wanasoma kile kibao, wanauliza bei, wanakubali. Mmoja anatupa begi lake kwenye benchi la buluu na kuketi.

“Mama, sisi tukungoje hapa tu,” anasema. “Wewe nenda katuandalie, halafu uje utuite.”

Anezina amekwisha kulinyanyua begi lile. Siku hizi hutandika vitanda vyote asubuhi, kabla meli yoyote haijaonekana.

“Inuka, mwanangu. Kimeshatandikwa. Tunapanda wote.”

“Ngazi zote hizo, na jua hili?”

“Zote. Ukichoka tutapumzika njiani, mimi na wewe.”

Wanakubali wakinung’unika. Anezina anawatanguliza mbele yake, na kabla ya kuanza kupanda anageuka mara moja kulitazama benchi. Ni tupu.

“Watu huniuliza napanga nini uzeeni,” anasema, akihamisha begi bega la pili. “Rinio anataka nihamie Pirea. Nitakwenda siku moja, pengine. Mimi naomba kitu kimoja tu. Siku yangu ikifika, nisiwe nimemwambia mtu anisubiri.”