Bibi na Picha ya Nyumba

Leo posta karani ameyeyusha lakiri juu ya kifurushi changu, na harufu ile imenirudisha kwenye darasa moja la Temeke, siku ya uchaguzi. Sanduku la kura lilikuwa ndiyo kwanza limepigwa lakiri. Bibi haoni vizuri, kwa hiyo msimamizi akaniruhusu niingie naye.

Karatasi ilikuwa na picha mbili, jembe na nyumba. Mjomba, mwanawe wa kumzaa, alikuwa mgombea, na alama aliyopewa ilikuwa nyumba.

"Jembe liko wapi?" bibi akaninong'oneza.

"Bibi, mjomba ni nyumba."

"Najua. Huko mjini serikali inachukua nyumba za watu. Mie nikitia alama hapo, kesho watasema nimewapa yangu."

Nikamwonyesha jembe.

Mjomba alishindwa vibaya. Kesho yake mchana alikuja akakaa barazani, chai akaiacha ipoe.

"Mama, kura yako ulinipa?"

"Muulize huyu, niliingia naye."

Nikasema bibi alitia alama kwenye nyumba. Mjomba hakunitazama. Alikuwa akiutazama mtaa, mlango mmoja mmoja.

"Hivyohivyo," akasema. "Kila nilipobisha hodi wameniambia hivyohivyo."